Je, Deni la Mlezi Huondoka?

Tuliulizwa suali katika darsa yetu: mtu aliyelelewa na mwenziwe katika udhaifu wake, kisha ikabainika kwamba mwengine naye angaliweza kumlea, je, bado yu na deni kwa yule wa kwanza? Muulizaji alikuwa na hoja yake. Kitu kipatikanacho kwa njia mbili, asema, hakimfungi mtu kwa njia moja.

Twapenda kumjibu kwa mfano wa okidi, jamii ya mimea ambayo vanila ni mmoja wao. Mbegu zake ni laini kama vumbi, na ganda moja la baadhi yake huwa na mbegu zaidi ya milioni. Wingi huo hauzifai kitu, kwani mbegu haina akiba ya chakula kama iliyo nayo punje ya mahindi. Huko mwituni haikui mpaka ijiwe na kuvu. Nyuzi za kuvu huingia ndani yake na kujiviringa katika seli, na mbegu huzimeng'enya ikapata sukari na vyenginevyo. Huishi hivyo, pengine gizani chini ya udongo, hata itoe majani. Mfaransa Noël Bernard ndiye aliyeligundua jambo hili mwaka 1899. Kabla yake wakulima wa maua walizimwaga mbegu katika vyungu vya okidi kongwe, nyengine zikamea, wasijue sababu.

Mwaka 1922, Lewis Knudson wa Marekani alieleza kwamba mbegu hizo humea chupani pasi na kuvu, zikitiliwa sukari na madini. Ndugu yetu atasema, "Hiyo ndiyo hoja yangu!" Sisi twasema siyo. Sukari haikuingia chupani yenyewe. Palikuwa na mkono ulioitia. Mbegu haikuacha kuhitaji, ila mlezi alibadilika. Na okidi ya mwituni haikulelewa na chupa iliyowezekana, bali na kuvu iliyokuwapo. Deni hufuata lililotendeka.

Tena uchunguzi uliotolewa mwaka 2006 juu ya okidi iitwayo Goodyera repens ulionyesha kwamba mmea huo, ukishakomaa na kuwa na majani ya kijani, huirudishia kuvu chakula. Kweli, zipo zisizo na rangi hiyo, kama Neottia nidus-avis ya Ulaya, ambayo Bernard mwenyewe aliichunguza, nazo hula kwa kuvu umri wao wote. Hatuzilaumu; mmea hauna hiari.

Lakini aliyetuuliza si mmea, na jambo moja hakutueleza: mlezi wake yu hai, na leo yu katika hali gani?