Miaka Miwili ya Hanania

Somo: Yeremia 28, na 29:1–10



Mhariri wa gazeti hili la parokia ametuomba tuwaandikie neno tukiwa huku ugenini, nasi tumekubali kwa haya kidogo, maana neno lenyewe limetuhukumu sisi kwanza. Tafadhali someni sura hizo mbili za nabii Yeremia, kisha mrudi hapa.

Wengi wenu mwatujua. Tulifunga ndoa mbele ya madhabahu yenu, tukaenda Hispania kwa masomo, na sasa ni mwaka wa tatu tunakaa Andorra. Ni nchi ndogo sana katika milima ya Pirenei, kati ya Ufaransa na Hispania. Eneo lake ni kilomita za mraba 468 tu, na watu wake ni zaidi ya 80,000. Haina reli wala uwanja wa ndege. Mtu huingia kwa barabara. Tangu mapatano ya mwaka 1278 ina wakuu wawili. Mmoja ni Askofu wa Urgell, wa Kanisa la Roma, ambaye kiti chake kiko Hispania. Wa pili siku hizi ni Rais wa Ufaransa. Kwa katiba ya mwaka 1993 mamlaka ni ya wananchi na bunge lao, na wakuu hao wamebaki zaidi kwa heshima. Lakini zamani askofu huyo alikuwa akipelekewa ushuru wa jibini, kuku na mapaja ya nguruwe, pamoja na fedha. Tunadhani wapo mapadre wetu watakaousoma mstari huo mara mbili.

Kampuni inayotuajiri iko Uingereza. Mmoja wetu huandika programu za kompyuta, mwingine hutafsiri hati, na kazi yote hupita kwa intaneti kutoka mezani petu. Mtu wa kazi ya namna hii aweza kukaa karibu popote. Kwa nini basi tulichagua hapa? Hatuna budi kusema kweli, kwa kuwa tunahubiri. Kodi ya mapato huku, iliyoanza mwaka 2015, haizidi asilimia 10, na euro 24,000 za kwanza hazitozwi kitu. Mwaka 2022 bunge lilipitisha sheria iliyowafungulia mlango watu wa kazi kama yetu. Milima ni mizuri na usiku ni salama, lakini hayo tuliyaona baadaye.

Kwa hiyo tulipofika tulikuwa kama Lutu. Mnakumbuka Ibrahimu alivyompa mpwa wake nafasi ya kuchagua, naye Lutu akainua macho, akaliona bonde la Yordani lina maji tele. Kitabu cha Mwanzo hakisemi kwamba aliuliza habari za watu wa bonde lile. Alitazama maji akahama. Wala hakuvunja sheria yoyote.

Sisi nasi tulifanya mambo yote kwa taratibu: kibali, benki, bima ya afya, mkataba wa nyumba. Tulikwenda kuandikishwa katika ofisi ya parokia. Hapa lazima tueleze, maana nchi hii imegawanywa katika parokia saba, na parokia hizo ni za serikali. Parokia ndiyo izoayo taka, itengenezayo barabara na iandikayo wakazi. Karani akatuandika, tukawa waparokia wa Sant Julià de Lòria kwa dakika kumi, bila mtu kutuuliza cheti cha ubatizo. Kisha tukatundika kalenda ukutani. Mtu akaaye nchini zaidi ya siku 183 katika mwaka huhesabiwa kuwa mkazi kwa ajili ya kodi, basi kila tulipolala hapa tulitia alama. Siku zetu tulizijua moja moja. Majina ya majirani zetu hatukuyajua.

Tulikuwa na sababu, nayo ndiyo iliyotufikisha kwa Hanania. Tulisema tutakaa miaka miwili tu: tuweke akiba, tuondoke. Kwa sababu ya miaka miwili hatukununua kabati; nguo zilikaa masandukuni. Kwa sababu ya miaka miwili hatukujifunza Kikatalani, ambayo ndiyo lugha rasmi ya nchi, tukatosheka na Kihispania chetu. (Siku hizi ipo sheria ya mwaka 2024 inayowadai wageni waoneshe kwamba wamejifunza walau kidogo. Twaona ni sheria ya haki, ingawa mmoja wetu amelalamika sana juu ya vitenzi.) Kanisa letu halina jengo katika mji huu, basi Jumapili tulikwenda kwa ndugu Wakatoliki, tukakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, tukatoka kabla watu hawajaanza kusalimiana.

Sasa tazameni neno la nabii. Watu wa Yuda wamekwisha kuchukuliwa Babeli. Katika nyumba ya Bwana anasimama Hanania, anaahidi kwamba katika miaka miwili vyombo vya hekalu na watu wote watarudi. Anaiondoa nira ya mti shingoni mwa Yeremia na kuivunja. Bila shaka watu walifurahi. Lakini Yeremia anawapelekea wahamishwa barua, kwa mkono wa Elasa bin Shafani na Gemaria bin Hilkia, akiwaambia kinyume chake: wajenge, wapande bustani, waoe na kuoza, wautafute usalama wa mji ule na kuuombea kwa Bwana, kwa kuwa miaka itakuwa sabini.

Zamani tulidhani kosa la Hanania ni la hesabu tu, kusema miwili badala ya sabini. Sasa twaona ubaya wake zaidi. Mtu aliyeahidiwa miaka miwili hapandi mti wa matunda. Hajali kama kisima cha mtaa ni kichafu, maana hatakinywea. Jirani kwake ni kama abiria wa basi moja naye. Hanania hakuwafundisha watu wamchukie mtu yeyote Babeli. Aliwafundisha wasimwone mtu.

Tena wale walichukuliwa mateka. Mji uliowanyang'anya hekalu ndio walioambiwa wauombee. Sisi hakuna aliyetuchukua mateka. Tulikuja wenyewe, na mji huu haukutunyang'anya kitu. Ikiwa wao waliagizwa hivyo, sisi tutajibu nini?

Tulijulishwa haya ngazini. Jengo letu ni la zamani, la ghorofa nne, halina lifti. Siku moja ya Jumatano, mwezi wa nane tangu tufike, tulimkuta bibi mmoja mjane, mwenyeji wa hapa, amekaa ngazini na kikapu cha viazi, anahema. Tukamwamkia kwa Kihispania. Alitutazama kwa muda, akauliza, “Ninyi ndio mliochukua nyumba ya Wareno?” Tukasema hatujui ilikuwa ya nani. Akasema, “Binti yao alikuwa ananipandishia kikapu. Sasa hakuna mtu.” Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Tulipouliza tukapata habari yote. Huku wageni ni wengi kuliko wenyeji, na wengi wao ni Wahispania na Wareno wanaofanya kazi za hoteli, ujenzi na maduka. Familia ile ilikaa katika nyumba hiyo miaka mingi. Mwenye nyumba akataka kuitengeneza upya, wakatoka. Ilipopangishwa tena kodi ya pango ilikuwa imepanda, wao hawakuiweza, sisi tukaiweza. Wakahamia La Seu d'Urgell, upande wa Hispania, kama kilomita 10 kutoka mpakani, na kila alfajiri baba na mama huvuka mpaka kuja kazini. Mambo haya si ya jengo letu tu. Pango limepanda nchi nzima, watu wameandamana, na serikali imelazimika kurefusha mikataba ya wapangaji kwa sheria.

Wapendwa, hatukumfukuza mtu. Tulijiambia hivyo kwa majuma kadhaa, na ni kweli. Lakini Bwana hamwulizi Lutu kama alivunja sheria. Tulikuja tumebeba mshahara wa nchi nyingine, tukashika mahali pa watu waliokuwa wakimpandishia mjane viazi, wala hatukukipandisha kikapu. Hilo ndilo shimo tuliloliacha ngazini kwa kuja kwetu.

Mtatuuliza kama ni dhambi kukaa nchi yenye kodi ndogo. Kwa maoni yetu si dhambi, mradi mtu asiseme uongo juu ya siku zake. Lakini kodi ni njia ya kumsaidia jirani usiyemwona. Mtu akisamehewa sehemu kubwa ya kodi, jirani hakusamehewa shida zake. Basi tulifanya hesabu: tungelipa kiasi gani kama tungebaki Hispania? Tofauti ilikuwa kubwa kuliko tulivyopenda kuandika. Sehemu yake sasa ina kazi nyingine, ambayo si ya kutangazwa gazetini. Kuirudisha nyumba hatuwezi, na hata tukihama leo ataingia mwingine mwenye mshahara kama wetu. Jambo hili lingali latusumbua, wala hatujapata jibu la kuwapa.

Kabati tulinunua. Kikatalani twasoma jioni mbili kwa juma. Kanisani tumesogea mbele viti vitatu, nyuma ya bibi, naye hutuonesha ukurasa tunapopotea.

Zilikuwapo pia barua za wale Wareno zilizoendelea kuja katika sanduku letu. Tulikuwa tunazirundika juu ya friji. Kabla ya Kwaresima iliyopita tulizipeleka wenyewe La Seu d'Urgell. Tuliogopa mlangoni. Baba alizipokea, akatukaribisha kahawa, tukaongea habari za barabara na baridi. Tulipomwomba radhi alitikisa mkono kama mtu afukuzaye nzi, akasema nyumba ilikuwa na baridi hata hivyo. Mkewe hakusema neno. Binti, aliye kidato cha mwisho, aliuliza jambo moja tu, kama bibi bado hununua viazi vingi mno siku ya Jumatano.

Tukamwambia bado. Kampuni yetu ilikuwa na kikao kila Jumatano saa nne asubuhi. Tumeomba kisogezwe hadi saa sita, nao wamekubali.