Yungiyungi Baada ya Ua

Mpenda yungiyungi hujulikana lini: ua linapochanua, au linapokwisha? Wengi hulimwagilia maji chunguni kwa bidii mpaka ua linyauke, kisha hukata shina zima, kwa kuwa majani matupu hayapambi nyumba. Kumbe ni majani hayo yanayotumia nuru ya jua kuweka akiba katika tunguu, nayo akiba hiyo ndiyo huzaa ua la mwaka ujao. Yafaa likatwe ua lililonyauka tu, majani yaachwe mpaka yageuke manjano yenyewe. Utasema: hata subira hiyo ni tamaa ya ua jingine. Huenda, lakini tamaa iliyokubali kuhudumia kisichopendeza imekwisha kuanza kuwa upendo. Kipimo hicho chawafaa pia wazee waliokwisha kutuchanulia.