Maji Machafu Yakitoka Mlangoni, Ni ya Nani?



Liko swali ambalo twaliona kuwa dogo, tena la kuonea haya, hata hatulileti kanisani. Maji tuliyoogea, tuliyofulia nguo, na yale ya chooni, yakiisha kupita mlangoni petu, je, ni yetu bado, au yamekuwa ya mtu mwingine? Wengi wetu twajibu kwa matendo: twayamwaga, twageuka, twayasahau. Hudhaniwa kuwa neno hili ni la bwana afya peke yake. Mimi nasema ni neno la dini pia, maana lamhusu jirani.

Tazameni mahali tulipowekwa. Sisi watu wa Usambara tu watu wa juu, na maji hayapandi mlima. Maji ya Soni hushuka kwa maporomoko hata Mombo, huingia Mkomazi, na Mkomazi huingia Pangani, mpaka baharini. Mto Sigi, uanzao katika milima ya mashariki upande wa Amani, ndio unaonywesha mji wa Tanga. Mto Umba huvuka mpaka wa Kenya na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Basi tunalolitenda kijitoni asubuhi, mtu tusiyemjua jina aweza kulikuta mtungini mwake.

Nabii Ezekieli, katika mlango wa 34, aliwakemea kondoo wanono ambao walikunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, wenzao wakabaki kunywa matope. Angalieni: hawakukemewa kwa sababu ya kunywa. Walikemewa kwa sababu ya kile walichowaachia wengine.

Labda mtu atasema, “Mimi sikuua mtu.” Lakini Martin Luther, alipoieleza Amri ya Tano katika Katekisimo Ndogo, hakuishia katika kutoua. Alifundisha kwamba tusimdhuru jirani katika mwili wake, tena tumsaidie katika mahitaji yake. Mwaka 1854 mjini London watu wengi walikufa kwa kipindupindu, na daktari John Snow akaonyesha ya kuwa wengi wao walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja ya mtaani. Hakuna aliyekusudia kuua. Hata hivyo uchafu wa nyumba ulikuwa umeingia kisimani. Kutojuana na yule tunayemdhuru hakutuondolei deni.

Basi deni hili hulipwaje? Hapa yatupasa kustaajabu, kwa kuwa Mungu ametuwekea watumishi tusiowadhania. Mjini Moshi maji machafu hupelekwa kwa mabomba mpaka mabwawa ya Mabogini, katika tambarare. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mabwawa ya namna hiyo. Katika mabwawa ya jinsi hii, la kwanza huchimbwa kina kirefu; mashapo hutuama chini, na vijidudu visivyohitaji hewa huanza kuyameng'enya. Kisha maji huingia katika bwawa lisilo na kina kirefu, linalopigwa na jua. Humo huota mimea midogo sana ya kijani, jamii ya mwani, ambayo sisi huiona kama utando juu ya dimbwi tukaidharau. Mchana mimea hiyo hutoa hewa ya oksijeni. Vijidudu vya aina nyingine huivuta, hula uchafu, na kutoa hewa ya kaboni. Nayo mimea huila kaboni hiyo na kustawi. Kila mmoja huishi kwa kile anachokitoa mwenziwe. Tena jua likiwa kali, maji yale hugeuka kuwa makali kama yaliyotiwa magadi, na viini vya maradhi hufa. Mayai ya minyoo huzama chini. Huko Mabogini wakulima wa mpunga hutumia maji yanayotoka mabwawani kumwagilia mashamba yao.

Lakini tusikimbilie kusema, “Ikiwa kuna watumishi wa namna hii, basi na tuchafue bila hofu.” Watumishi hawa wana masharti yao. Sharti la kwanza ni muda: kazi yao huhitaji siku nyingi, na maji yakiharakishwa hutoka yangali machafu. La pili, hawali kila kitu. Ukiwamwagia dawa ya kunyunyizia mboga, au mafuta ya gari, au asidi ya betri, utawaua, na sumu itakwenda chini pamoja na maji. La tatu, tope hujaa mabwawani, na lazima binadamu aliondoe. Na yule mkulima wa mpunga ana haki ya kuambiwa ni maji gani anayokanyaga kwa miguu mitupu. Mwani haujui kusema kweli. Kazi hiyo ni yetu.

Sasa nafika penye uzito. Mabwawa hutaka mahali pa tambarare, na katika milima yetu tambarare ni haba. Zile chache zilizo mabondeni ndizo tunazolima kabichi na karoti za kupeleka Dar es Salaam. Anayetenga kipande cha bonde kwa ajili ya kusafisha maji hupoteza mavuno yake kila mwaka. Naye mwenye kupata faida ni mtu wa chini, ambaye hatakuja kumshukuru. Gharama ni ya wa juu, faida ni ya wa chini. Je, twaweza kumpenda jirani namna hiyo, bila asante? Nadhani ndiyo maana swali hili hatulipendi. Si kwa sababu ya harufu yake, bali kwa sababu ya bei yake.

Tena si kila nyumba yahitaji bwawa. Torati yenyewe, katika Kumbukumbu la Torati 23, iliwaagiza Waisraeli kuchukua chombo cha kuchimbia, watoke nje ya marago, na kufukia. Mwenye nyumba na achimbe shimo la choo mbali na chemchemi, wala asielekeze karo lake kijitoni. Udongo nao umejaa vijidudu vinavyofanya kazi ileile. Lakini penye watu wengi, kama shule, hospitali na nyumba za wageni, shimo moja halitoshi. Nasi Wakristo tunazo nyumba za namna hiyo, na viwanja pia.

Kwa hiyo nawasihi wazee wa kanisa na wainjilisti: mkiisha ibada Jumapili moja, yafuateni kwa miguu maji machafu ya nyumba zenu na za usharika, mpaka mwone yanapoishia. Yakiishia mtoni, ulizeni ni nani anayechota hapo chini, na ni kipande gani cha ardhi tulicho tayari kukiacha kwa ajili yake. Maji yale ni yetu mpaka yatakapokuwa safi.