Mzazi Asiyejua Kusoma na Mtoto Asomaye

Ni jioni katika kijiji kimoja cha Masisi. Mama amerudi kutoka shamba la maharagwe. Mtoto wake wa miaka minane amekaa kando ya moto, ameinamia simu ya baba yake. Mama amwuliza: «Mwanangu, unatazama nini?» Mtoto ajibu: «Ni somo la shule, mama.» Mama hajui kusoma, basi anyamaza, aendelea kupika. Je, amefanya vema?

Wengi hujibu upesi: «Asiyejua kusoma atamwongozaje asomaye? Kazi hiyo ni ya mwalimu.» Neno hilo lina ukweli kidogo, kwani hakuna mtu adaiwaye asichopewa. Wazazi wengi wa Masisi na Walikale walikosa shule kwa sababu ya umaskini na vita, wala si kosa lao. Na tangu mwaka 2019, serikali ya Kongo ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma, wameingia darasani watoto wengi ambao wazazi wao hawakuingia kamwe.

Lakini yafaa kupambanua mambo mawili: kutojua na kutojali. Kutojua herufi si kosa. Kumwacha mtoto peke yake kwa kuona haya mbele yake, hilo ni kosa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao. Wala haukusema wazazi wenye elimu tu. Mwalimu humsaidia mzazi, hashiki mahali pake. Mwaka 2025 vita vilipowaka Masisi na Walikale, shule nyingi zilifungwa na jamaa nyingi zikakimbia. Mwalimu alienda huku, mwanafunzi kule. Aliyebaki na mtoto njiani ni mzazi wake.

Je, mzazi huyo ana nini cha kutoa? Kwanza, ana maneno. Mtoto husoma kwa urahisi neno ambalo sikio lake limekwisha kulizoea. Hadithi za jioni, vitendawili na majina ya miti na ndege, kwa Kihunde, Kinyanga, Kinyarwanda au Kiswahili, ni akiba ya msomaji. Hadithi ya Mwindo, shujaa wa Wanyanga wa Walikale, ilitoka kinywani mwa msimuliaji aitwaye Rureke mwaka 1956. Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha katika kitabu mwaka 1969. Kitabu hicho nacho kilianza kwa mtu aliyesimulia na mwingine aliyesikiliza.

Pili, ana masikio. Amwambie mtoto: «Nisomee kwa sauti.» Kisha amwulize: «Ni nani aliyefanya hivyo? Kwa nini?» Msomaji aliyeelewa ataeleza, asiyeelewa atababaika, na mama atajua, ingawa hajui herufi hata moja.

Tatu, ana macho na mamlaka. Simu si kitu kigeni kabisa katika nchi hii. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoa tantali itiwayo ndani ya simu. Na bati, kama lile la Bisie katika Walikale, huunganisha vipande vyake. Mawe hutoka bubu, hurudi yakisema, na pengine yanayoyasema hayamfai mtoto. Katika intaneti kuna masomo mema na vitabu. Kuna pia picha za aibu, na wageni wajifanyao rafiki.

Kwa hiyo simu itumiwe mbele ya watu wazima, isiingie kitandani na mtoto. Kitabu au somo lichukuliwe mtandao unapopatikana, kisha intaneti ifungwe. Mtoto asimwambie mgeni jina lake, wala kijiji chake, wala mahali jamaa yake ilipokimbilia, wala asimpelekee picha. Katika nchi ya vita neno moja laweza kuhatarisha nyumba nzima. Na akiona jambo baya akaja kulisema, asipigwe. Apigwaye kwa kusema kweli hujifunza kuficha.

Wengine husema: «Afadhali kumnyima simu kabisa.» Mtoto mdogo sana haihitaji, ni kweli. Lakini akikua ataipata kwa jirani, na huko hapana wa kumwongoza. Wazee walisema: Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu huo umeingia nyumbani.

Basi yule mama wa Masisi afanye nini? Aweke chungu motoni, aketi karibu na mwanawe, aseme: «Mimi sikusoma. Nionyeshe somo lako, unisomee.» Haya itamshika kidogo. Lakini mtoto atajua kwamba kusoma kwake kuna mwenye kukusikiliza, na kwamba hana haja ya kumficha mama yake neno lolote.