Mkuu wa kazi, usidanganyike na ukimya wa walio chini yako

 

Ndugu zangu Waislamu, leo nimeona nianze kwa kujishitaki mwenyewe kabla sijamnyooshea mtu mwingine kidole. Miaka michache iliyopita nilipewa dhamana ya kusimamia walimu katika shule moja hapa Korogwe. Miongoni mwao alikuwapo kijana mmoja, mwalimu wa hesabu, hodari na mpole. Ikatokea wiki moja akachelewa mara tatu. Siku ya tatu sikumwita pembeni wala sikumuuliza kilichomsibu. Nilimsimamisha pale pale mstarini, wanafunzi wakitazama, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona haya. Yeye alijibu kwa upole: "Samahani, Ustadh." Nikaondoka nikiamini kwamba nimejenga nidhamu.

Mwisho wa muhula kijana yule aliondoka na hakurudi tena. Nikawa nalalamika kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Aliyenifumbua macho ni mlinzi wetu, mzee wa watu. Alinitazama kwa mshangao akasema: "Ustadh, kwani wewe hukujua? Mama yake alikuwa amelazwa. Kijana alikuwa akikesha naye hospitali, alfajiri anakimbia nyumbani kuoga ndipo aje kazini."

Mlinzi alijua. Mpishi alijua. Walimu wote walijua. Asiyejua alikuwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyekuwa na ratiba mkononi, ambaye kwa dakika tano angeweza kuvihamisha vipindi vya asubuhi vikawa vya mchana. Nilipouliza kwa nini hakuna aliyeniambia, yule mzee alicheka kidogo akajibu: "Nani angekwambia wewe?"

Swali hilo halijanitoka, na leo nakuletea wewe mkuu wa shule, wewe muuguzi kiongozi wa wodi, wewe meneja, wewe mwenye duka pale Manundu, wewe mwenye basi na wewe katibu wa taasisi ya Kiislamu. Hapo ulipo pakitokea jambo, nani atakwambia? Ukiona ofisi yako imetulia, kila mtu anaitikia "sawa bosi", usiharakishe kumshukuru Allah kwa utiifu huo. Yawezekana si utiifu. Yawezekana ni khofu.

Watu walioitwa namba

Sisi wa Korogwe tuna historia inayotufundisha jambo hili. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na baadaye mashamba yakajaa katika bonde hili letu, Ngombezi, Magunga, Mnyuzi, Hale hadi Mombo. Watu waliletwa kutoka mbali kuja kukata mkonge: Kigoma, Njombe, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda hata chombo chao maalum cha kutafuta vibarua, kikijulikana kama SILABU. Wale walioletwa kwa mkataba walipewa namba, na kwa namba hizo wakapata jina lililobaki nao mpaka leo: manamba.

Yule mzee mlinzi ni mtoto wa manamba. Aliniambia kwamba baba yake alikuwa akisema kazi ya mkonge ni ngumu, miiba inachoma na jua linawaka, lakini yote hayo mtu huyazoea. Alichoshindwa kukizoea ni kuitwa namba na mnyapara aliye mdogo kwake kwa umri, naye hana ruhusa ya kujibu. Ndugu msomaji, lipime neno hilo. Mtu anaweza kuvumilia jua asivumilie dharau.

Wala haikuishia kwa wakoloni. Uhuru ulipatikana, mashamba na viwanda vingi vikataifishwa mwaka 1967, wakubwa wakawa ni wenzetu. Je, dharau iliondoka? Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, na ndani yake kilionya viongozi dhidi ya majivuno, ubabe na uonevu kwa walio chini yao. Maana yake maradhi yalikuwapo. Miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa, hasa Dar es Salaam, waliweka zana chini. Profesa Issa Shivji ameeleza mgogoro huo katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini. Katika migomo mingi ya wakati ule malalamiko makubwa hayakuwa mshahara peke yake. Yalikuwa ni namna mameneja walivyowatendea na kuwasemesha watu.

Basi kubadilisha mkubwa hakutoshi. Mnyapara anaweza kuondoka shambani akaja kukaa katika moyo wako na wangu, akavaa kanzu na kofia.

Mfagiaji aliyeulizwa

Tuangalie sasa mwenendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyekuwa akifagia msikiti wa Madina. Alipofariki, Masahaba walimzika bila kumjulisha Mtume, kana kwamba waliliona jambo lake ni dogo. Mtume ndiye aliyeuliza habari zake. Alipoambiwa amefariki, alihoji kwa nini hakuarifiwa, kisha akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia.

Huyu alikuwa kiongozi wa dola, amiri wa jeshi, kadhi na imamu, na juu ya yote anateremshiwa wahyi. Lakini mfagiaji akikosekana, anaona pengo na anauliza. Mimi hadithi hii nimeifundisha darasani miaka mingi, nikaieleza kwa ufasaha, nami nilikuwa na mwalimu mmoja anayekosekana mstarini nisimuulize hata neno moja.

Anas bin Malik (r.a.) naye ametusimulia kwamba alimtumikia Mtume miaka kumi, na katika muda wote huo hakuwahi kuambiwa hata neno la kuudhika, wala kuulizwa kwa ukali kwa nini amefanya hili au ameacha lile. Miaka kumi, ndugu yangu! Sisi tunamaliza siku kumi bila kumfokea mhudumu wa ofisi?

Ndege aliyemjibu mfalme

Atasema mtu: "Ustadh, unataka tuwalegezee watu kamba, kazi ziharibike." Hapana. Uislamu haukuja na uongozi wa kulala usingizi. Soma kisa cha Nabii Sulaiman (a.s.) katika Surat An-Naml, kuanzia aya ya 20. Aliwakagua ndege, akaona Hudhud hayupo. Alighadhibika, na akataja adhabu kali. Hilo ni la kiongozi anayejali kazi. Lakini tazama: ndani ya ghadhabu ile ile aliacha mlango wazi, kwamba Hudhud atasalimika iwapo ataleta hoja iliyo wazi.

Hudhud akaja, akasema mbele ya mfalme kwamba yeye amejua jambo ambalo Sulaiman hakulijua. Hebu jaribu leo kumwambia mkubwa wako maneno hayo katika kikao! Sulaiman hakuona amevunjiwa heshima. Alisikiliza habari ya Malkia wa Sabaa mpaka mwisho, kisha akasema wataangalia kama amesema kweli au ni mwongo. Hakumeza habari bila kuihakiki, wala hakumfukuza mleta habari. Kwa sababu ya mlango ule mmoja ulioachwa wazi, Malkia yule akaongoka.

Lau angekuwa ni mmoja wetu, Hudhud angepewa barua ya onyo kwanza, na habari ya Sabaa angekufa nayo kifuani. Hapo ndipo ilipo hasara ya bosi mkali. Haumizi watu peke yao, anajiziba masikio mwenyewe. Mashine inaanza kuharibika, fundi anaogopa kusema. Dawa zinakaribia kwisha, mtunza stoo anasubiri aulizwe. Hesabu haziendi, karani anazifunika. Siku bomu linapolipuka, mkubwa anashangaa: "Kwa nini sikuambiwa?"

Na wapo wakubwa wanaodhani wamepata dawa yake: wanaweka watu wa kuwaletea habari za wenzao. Hao si masikio, hao ni moto. Qur'an katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6 na ya 12, imetuamrisha tuchunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, na imetukataza dhana mbaya, kupelelezana na kusengenyana.

Shura baada ya msiba

Katika Vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (s.a.w.) alikuwa na rai ya kubaki ndani ya Madina. Wengi, hasa vijana, wakataka kutoka, akawakubalia. Kisha wapiga mishale wengi wakaacha mahali walipoamrishwa kukaa, na Waislamu wapatao 70 wakauawa. Ungetarajia baada ya hapo ije amri kwamba kuanzia sasa hakuna kushauriana. Kinyume chake, katika Aali Imran aya ya 159, Allah anamweleza Mtume wake kwamba upole wake kwao ni rehma itokayo Kwake, na kwamba lau angekuwa mkali mwenye moyo mgumu wangemkimbia. Kisha anamwamrisha awasamehe, awaombee maghfira na aendelee kuwashauri. Ikiwa Mtume mwenyewe watu wangemkimbia kwa ukali, wewe ni nani usikimbiwe?

Tujitazame Waislamu

Lililonisukuma zaidi kuandika ni hali ya taasisi zetu wenyewe. Tunazo shule, madrasa, zahanati na ofisi za misikiti. Mwalimu anamaliza miezi miwili hajalipwa. Akiuliza, anaambiwa hana ikhlasi, anaambiwa kazi hii ni fisabilillahi. Lakini mwenye nyumba anayompangisha hapokei kodi kwa jina la fisabilillahi! Katika hadithi tukufu iliyopokewa na Bukhari, Allah ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaistafidi kazi yake kamili, asimlipe ujira wake.

Najua mara nyingine fedha kweli hazipo. Ada hazikulipwa, mfadhili kachelewa. Basi ita watu, uwaeleze. Waonyeshe kilichoingia na kilichotoka, waambie lini unatarajia kulipa, na wewe mkuu uwe wa mwisho kuchukua. Nimeona walimu wakivumilia njaa pamoja na kiongozi aliyewaambia ukweli, na nimeona wakimkimbia kiongozi mwenye fedha asiyesema kitu.

Tazama mzee wa Madyan katika Surat Al-Qasas, aya ya 27, alipomwajiri Nabii Musa (a.s.). Alitaja muda, miaka minane, na kama ataifikisha kumi ni hiari yake. Akaongeza kwamba hataki kumtaabisha. Mkataba wa wazi pamoja na kauli njema, tena kwa mgeni mkimbizi asiye na kitu! Na sheria ya nchi yetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, nayo inamtaka mwajiri awe na sababu ya haki na afuate utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi. Iweje taasisi yenye jina la Kiislamu ibaki nyuma ya sheria ya serikali?

Tuanzie wapi

Kwanza, mjue mtu wako kwa jina, na umsalimu kabla ya kumuuliza kazi. Pili, kosa la mtu mmoja lizungumzwe na mtu mmoja, mlango ukiwa umefungwa, na uanze kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Tatu, katika kikao aanze kusema mdogo, mkubwa awe wa mwisho, maana bosi akishatoa rai yake wengine wote huwa ni waitikiaji. Nne, anayekuletea habari mbaya mapema mshukuru mbele ya wenzake. Tano, ukikosea sema nimekosea. Abu Bakr (r.a.) alipokabidhiwa ukhalifa aliwaomba watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka.

Nanyi mlio chini, ukimya wenu nao una hesabu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba dini ni nasiha, na viongozi wamo miongoni mwa wanaostahiki nasiha hiyo. Kumsema bosi kwenye kahawa jioni si nasiha. Mwendee kwa adabu, mweleze. Na kuchelewa, kutega kazi na kuchukua visivyo vyako haviwi halali kwa sababu mkubwa ni mkali.

Mimi yule kijana nilimtafuta. Nilimkuta anafundisha Handeni, nikamwomba radhi kwake na kwa mama yake, ambaye Alhamdulillah alikwishapona. Alinisamehe. Nikamwomba arudi, akatabasamu akasema: "Ustadh, hapa nilipo wananiuliza." Sikuwa na la kuongeza.

Ewe Mola wetu, tusamehe kwa wale tuliowavunja nyoyo tukidhani tunajenga nidhamu. Tujaalie masikio ya kusikia kabla ya ndimi za kuhukumu, na usitukutanishe Siku ya Kiyama na mtu ambaye haki yake iko shingoni mwetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.