Aliyechimba udongo ana deni kwa ardhi

Ndugu Waislamu, njia ya Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora, inapita katika nchi ya misafara ya zamani. Mimi nikipita pande hizo hutazama mashimo ya matofali. Udongo umekwenda kujenga nyumba zetu, na misikiti pia, na miombo imekwenda kuyachoma hayo matofali. Kilichobaki ni kipara chekundu. Nanyi wa Dar es Salaam msicheke, mna machimbo ya Kunduchi.

Katika hadithi waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alimpa haki ya ardhi iliyokufa yule aliyeihuisha. Imam Abu Hanifa akashurutisha idhini ya mtawala, nasi hatuikwepi, maana kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, mdhamini wake Rais. Thawabu, hata hivyo, haingoji hati. Anachokula ndege au mnyama katika ulichopanda ni sadaka yako.

Sasa inahuishwaje? Si kwa kuchomeka miche tu siku ya mgeni rasmi. Chini ya shimo hakuna mboji, wala visiki vya kuchipua tena, na udongo umeshindiliwa hata mvua hutiririka juu yake. Basi sululu itangulie, gamba livunjwe. Vichimbwe vijishimo vya umbo la hilali, mdomo ukielekea juu ya mteremko, maji yanaswe. Tia samadi iliyooza, kwani mbichi huunguza miche. Tandaza nyasi kavu juu yake. Mchwa tunaowalaani watazila, na vijitundu vyao vitafungua udongo maji yazame. Haya yawe tayari kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa tangu Mei hadi Oktoba Tabora ni kavu.

Kisha mifugo izuiwe. Jirani zetu Wasukuma wa Shinyanga wana ngitili, malisho yanayofungwa kwa msimu. Mradi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 zilikuwa zimebaki kama hekta 600 tu. Ulipomalizika mwaka 2004 zilikuwa zaidi ya 300,000. Hawakuletewa malaika. Walikubaliana, wakawekeana faini kwa sheria zao za jadi, wakasubiri.

Kusubiri ndiko kunakotushinda. Tunachanga haraka kwa mnara unaoonekana, lakini shimo lililotoa tofali za mnara huo halina mfadhili. Nasema kamati za ujenzi wa misikiti zianze. Mapatano na fundi wa matofali yaandikwe kwamba udongo wa juu, ule wenye mboji, utatengwa kando siku ya kwanza na kurudishwa siku ya mwisho, na gharama yake ihesabiwe pamoja na saruji na mabati.