Mgeni wa Nyota na Mchoraji wa Kolo

Mgeni njoo, mwenyeji apone: usemi huu ndio uti wa mgongo wa katuni za shujaa atokaye sayari nyingine. Superman, aliyeanza kuchapishwa Marekani mwaka 1938, alikuja na nguvu zake. Wema alifunzwa na wakulima waliomlea. Burudani hiyo haina lawama. Lawama huanza mgeni huyo anapotolewa kitabuni akapewa kazi ya mwenyeji. Kwenye miamba ya Kolo, Kondoa, mkoani Dodoma, iliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 2006, wamo watu wa rangi nyekundu, wembamba kama fito, wenye vichwa vikubwa. Anayenena kuwa hao walishuka angani amemdhulumu binadamu aliyesaga udongo akachora, naye hayupo ajitetee. Mbona wachoraji wa pango la Lascaux, Ufaransa, huachiwa ubinadamu wao?